Mwaka Tuliokuwa Watu wa Butembo

Mama Kavira alifika msibani siku ya pili baada ya mazishi, kachoka na safari, kitambaa chake cha kichwani kimelegea, na kabla hajakaribishwa mkekani akasimama katikati ya uwanja wetu pale Kigoma akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea soko: "Masika! Masika yangu iko wapi?" Waombolezaji walitazamana. Shemeji yangu mmoja, mtu wa kupenda kujua ya watu, akanong'ona kwamba huyu mama bila shaka kakosea nyumba. Nikatoka jikoni na unga mikononi, mwanamke mzima mwenye mvi za kuanza, nikaitika "Abee mama!" kama msichana aliyetumwa dukani akachelewa. Alinikumbatia unga na yote. Kisha akakaa chini, akavua viatu, akamlilia mama yangu kwa Kinande, lugha ambayo mama aliishi nayo jirani miaka mingi bila kuijua zaidi ya salamu. Jioni ile niliulizwa na watu wasiopungua kumi tangu lini mimi Rehema naitwa Masika. Nilijibu kwa mkato, maana msiba una shughuli zake. Jibu refu ndilo hili.

Sitasimulia jinsi baba alivyopata kazi ya ufundi wa injini za boti katika Ziwa Kivu, wala maneno aliyorushiana na babu siku ya kuondoka. Itoshe kusema kwamba tulijikuta Goma, mtaa wa Mapendo, wazazi wawili na watoto wanane, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, na kwamba kila mwaka tulikuwa tunarudi Tanzania mwakani. Kwa sababu tunarudi mwakani, mama hakuona haja ya kutupeleka shule za pale. Zilikuwa za Kifaransa, walimu wakikaa miezi bila mshahara, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kafundisha hadi siku moja kabla ya safari. Alibeba sanduku la bati lililojaa vitabu vya darasa la kwanza hadi la saba. Nguo zetu ziliwekwa kwenye viroba. Nilipomtania baadaye kwamba alithamini hesabu za sehemu kuliko makoti yetu, alinijibu kwamba makoti yanauzwa kila mahali. Hapo alisema kweli, Goma kuna mitumba ya makoti kuliko mahali popote ninapopajua.

Chumba cha shule ndicho kilikuwa chumba cha kulia, na meza ilikuwa ubavu wa boti iliyovunjika, baba kaupigilia miguu. Haikuacha kunuka mafuta ya dizeli. Daftari zetu zilinuka dizeli, chapati zetu zilinuka dizeli, na hadi leo nikipita kituo cha mafuta huja kichwani jedwali la saba. Asubuhi tulikunywa uji, tukafuta meza, tukakaa kwa kufuatana umri. Mama alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Somo alinipa mimi peke yangu, niliye mkubwa. Mimi nikamfundisha anayenifuata, naye anayemfuata, likishuka hivyo hivyo hadi kwa Baraka, aliyekuwa na miaka mitano, mdogo kuliko wote isipokuwa mtoto wa mgongoni. Mama yeye alikwenda kukaa mwisho wa meza, kando ya Baraka, akamsikiliza. Alisema makosa ya wote wa juu hukusanyika kwa wa mwisho. Baraka akisema mji mkuu wa Kenya ni Mombasa, mama hakumgombeza Baraka, alipandisha macho taratibu juu ya safu nzima akitafuta Mombasa imeingilia wapi. Baraka ndiye aliyekuwa mtihani wetu sote. Alijua hivyo, na alikuwa anajidai kweli kweli. Kabla ya kujibu alichezesha midomo kimyakimya, akionja jibu kwanza, kisha akalitoa zima.

Kitu alichokilinda mama kuliko hata hesabu kilikuwa Kiswahili chetu. Ukuta kati yetu na Mama Kavira ulikuwa wa mawe yaliyopangwa tu bila saruji, mrefu hadi kifuani kwa mtu mzima, na maneno yalivuka pale yatakavyo. Mama Kavira alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mzaliwa wa Butembo, mji wa Wanande kule mbali kaskazini, tajiri kidogo, mnene kidogo, na mwenye maoni kuhusu kila kitu. Alianzisha mazungumzo asubuhi na mapema akiwa anapiga mswaki.

"Mwalimu! Batoto bameamuka?"

"Watoto wameamka, mama Kavira. Habari za asubuhi."

"Nimesema vile vile njo minauliza. Kiswahili yako ni ya kitabu, Mwalimu. Ya kwetu inakula sombe."

Mama, ambaye sombe aliiita kisamvu, alicheka kwa adabu, kisha akaingia ndani na kutuambia, mlango ukiwa umefungwa, kwamba atakayesema "batoto" mbele yake atasimama ukutani. Tulisimama ukutani sana mwaka ule. Tungefanyaje? Mchana shule ikiisha tulikuwa upande wa pili wa ukuta, tukila sambaza wa kukaanga kutoka kwenye sahani ya Mama Kavira, na hakuna mtu anayeweza kula samaki wa mtu kwa Kiswahili cha kitabu. Baraka ndiye aliyekuwa hodari kupita wote. Akiruka ukuta alibadilika ulimi angali hewani. Akirudi, akitua tu, "Shikamoo mama, nimerudi."

Majina nayo tuliyapata upande ule. Wanande humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, ukilisikia unajua ni wa ngapi, na Mama Kavira hakuweza kuvumilia watoto wanane jirani wasio na zamu. Akatupanga mwenyewe, akiwa anachambua maharagi. Mimi binti wa kwanza, Masika. Daudi, mvulana aliyekuja baada ya sisi wasichana watatu, akawa Muhindo. Waliomfuata wakawa Kambale na Kasereka, na Baraka, mvulana wa nne, Kakule. Kitoto cha mgongoni, msichana aliyekatiza wavulana, Kahindo. "Sasa muko batu," akasema, ameridhika. Mama aliposikia alikunja uso. Usiku alimwambia baba kwamba watoto wake wana majina ya ubatizo na hawahitaji ya sokoni. Baba, ambaye alikaa wiki nzima majini na alikuja nyumbani kutafuta amani, alisema, "Majina hayali chakula, mama Rehema."

Hayo yalikuwa kabla ya wanajeshi kuja. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na waasi nao walikuwa wanagawanyika, kila mara tukisikia kundi limezaa kundi. Sisi watoto tulijua tu kwamba vizuizi vya barabarani vimeongezeka na kwamba watu wazima wakizungumza husita kabla ya neno la mwisho. Kisha ukavuma uvumi kwamba kuna wageni wanaopeleka habari nje. Mafundi wawili wa kigeni, wenzake baba bandarini, walichukuliwa, mmoja akarudi. Asubuhi moja tukiwa mezani, wanajeshi watatu wakasimama mlangoni wakauliza hapa wanakaa watu wa wapi. Baba alikuwa Bukavu. Mama alifungua mdomo, na Kiswahili chake kizuri, alichokitunza miaka yote ile, kikamkwama kooni, maana sentensi moja tu ingetosha kumtambulisha. Mama Kavira alikuwa ameshauvuka ukuta. Sijui mwanamke wa umbo lile aliuvukaje.

"Hapa ni batoto ba ndugu yangu," akawaambia. "Mama yabo iko mugonjwa ya koo, hasemi. Munataka nini? Muulize batoto majina."

Waliuliza. Nilisema Masika. Daudi alisema Muhindo kwa sauti iliyokatika. Askari akamgeukia mdogo, akamwinamia, bunduki ikining'inia mbele, akamuuliza yeye ni nani na baba yake anatoka wapi. Baraka alichezesha midomo. "Kakule," akajibu. "Papa ni mutu ya Butembo." Askari akacheka, akamgusa kichwa, wakaenda zao. Mama alikaa chini sakafuni palepale, na kwa mara ya kwanza nilimwona anamshika mkono Mama Kavira bila kujua kwamba anaushika.

Kesho yake hatukufungua kitabu cha hesabu. Mama aliliita somo la njiani, na alilifundisha kama alivyofundisha yote, kwa kulishusha kutoka juu. Mimi nilimuuliza mdogo wangu, "Weye mutoto, unaitwa nani?" naye akamuuliza anayefuata, na mama akakaa mwisho wa meza kumsikiliza Baraka. Mwanamke aliyetusimamisha ukutani kwa "batoto" sasa alitusahihisha kwa kusema "watoto". Alimwita Mama Kavira aje asikie kama tunatamka sawa, na huyo alikuja, akakaa na kikombe cha chai, akatoa maksi. Sharti lilikuwa moja: mbele ya mtu yeyote tusiyemjua sisi ni watu wa Butembo, na hakuna kubadilisha jibu, hata mtu acheke, hata atoe pipi, hata aseme anamfahamu mama. Mama alimjaribu Baraka kwa kila namna. Alijifanya askari, akajifanya padri, akajifanya mwanamke mwenye huruma. "Mimi nimetumwa na mama yako, Baraka." Naye: "Baraka ni nani? Miye Kakule." Wakubwa tuliteleza mara kwa mara, yeye hakuteleza hata siku moja. Mama alimbusu utosini. Nimekuwa mama mimi mwenyewe, nimefundisha wangu mambo mengi nikitumaini watayashika nusu, na sijui kama ningethubutu kumfundisha mtoto kitu nikiwa na hakika kwamba atakishika chote.

Mlima ulipasuka mwanzoni mwa mwaka, wakati wa jua fupi la kati ya mvua. Tangu asubuhi ardhi ilikuwa inatetemeka, vikombe vikigongana kabatini, na mama aliendelea na imla kwa sababu Goma hutetemeka kila wakati na imla haiahirishwi. Mchana majivu yakaanza kuanguka juu ya nguo zilizoanikwa. Kisha tukasikia mtaa wote unahama, mlio wa miguu, masufuria, watoto, mbuzi, na Mama Kavira akapita juu ya ukuta na robota la vitenge kichwani akipiga kelele, "Mwalimu, funga kitabu! Moto inakuya!" Mama alitupanga kama mezani. Mimi mbele nikiwa na sanduku dogo, kila mmoja kamshika mkono anayemfuata, Baraka mwisho kashikwa na kaka yake aliyeitwa Kasereka kwa jirani na Yohana kwa mama. Mama akakaa nyuma yake, mtoto mgongoni, mahali pake pa siku zote.

Tulielekea mpakani mwa Rwanda, upande wa Gisenyi, kama karibu kila mtu. Kwenye njia panda ya mwisho likatoka kundi la ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wakikimbiza mali kutoka miguuni pa mlima, wanyama wakubwa wa pembe ndefu, wamechanganyikiwa na majivu, wakaikata barabara na kukata safu yetu. Yohana alivutwa mbele. Mama alisukumwa hadi kwenye ukuta wa duka, akageuka ili mtoto wa mgongoni asibanwe, na ng'ombe walipokwisha kupita Baraka hakuwapo. Tuliita mpaka sauti zikaisha. Upande wa pili wa njia panda watu walikuwa wanakimbilia magharibi, kuelekea Lac Vert na Sake, mto wa watu usiorudi nyuma, na nyuma yetu kelele zikasema moto umeingia mjini. Mama Kavira alimshika mama kiunoni akamvuta. "Bote banakuya Gisenyi. Utamukuta kule mbele. Twende!" Alikuwa na hakika kabisa, na alikosea kabisa. Lakini kwa kumvuta alituokoa waliobaki, na mama alimwambia hivyo baadaye, si mara moja.

Gisenyi tulilala kwenye veranda ya shule pamoja na nusu ya Mapendo. Habari zilikuja vipande vipande: moto umeukata mji katikati hadi ziwani, walio magharibi wako magharibi, walio mashariki wako mashariki, hakuna njia. Baba alikuwa amekwama Bukavu na boti zimesimama, alitufikia yote yalipokwisha. Mama alitafuta. Sijapata kuona mtu anatafuta vile. Alikwenda kila kambi, kila kanisa, kila mahali palipogawiwa uji, nami nyuma yake, na maneno yake yalikuwa yaleyale: "Namtafuta mwanangu, Baraka, miaka mitano, Mtanzania. Mtamtambua kwa Kiswahili chake, anaongea vizuri sana." Watu walimsikiliza kwa huruma. Walimletea watoto, wavulana kwa wasichana, waliopotea kweli, wanalia kweli, na kila mmoja alipoletwa uso wa mama ulifunguka kisha ukafungwa, na alimpangusa mtoto yule makamasi kabla ya kumrudisha. Mama mmoja mnyonge, aliyekuwa akigawa biskuti, alimwambia polepole, "Mama, mutoto anayesema vile hatukusikia. Hata mumoja." Mama alimshukuru. Alijivunia lugha ile miaka yote, na sasa aliiamini kama alama ya mwilini.

Jioni moja Daudi alisema akitazama chini. "Mama. Si ulisema tusibadilishe jibu?" Mama alimwangalia bila kuelewa. "Mbele ya mtu tusiyemjua," akasema Daudi, "hata aseme anamfahamu mama." Mama alikaa chini. Alisema mara mbili, "Nimemfundisha mimi. Nimemfundisha mimi." Mama Kavira, ambaye alikuwa anawasha moto wa kuni kati ya mawe matatu, alitupa kijiti chini.

"Ee Mungu. Basi tunatafuta mutu haiko. Baraka haiko! Kule kote banaona Kakule tu, mutoto ya Munande, na ba Kakule banajaa hii inchi." Akasimama, akajifunga kitenge upya. "Lala, Mwalimu. Kesho minauliza miye."

Aliuliza kwa namna yake. Baada ya misa alisimama nje ya kanisa ambako Wanande wa Goma walikuwa wamekusanyika, wafanyabiashara wanaojuana hadi kwa majina ya babu, akauliza nani kasikia Kakule mdogo asiye na Kambale wala Kasereka pembeni yake. Mtu ambaye ni wa nne hawezi kutembea peke yake duniani, alisema, watatu wako mahali wanamtafuta. Ilichukua siku kadhaa. Watu walikuwa wameanza kuvuka juu ya lava iliyoganda, kwa hatari yao, kwenda kuona kama nyumba zao zipo, na habari zilivuka nao. Hatimaye akaja kijana muuza chumvi. Kule Lac Vert, alisema, kwa Mama Esperance, kuna Kakule wa namna hiyo. Hajasumbua mtu, anakula vizuri, anasema yeye ni wa Butembo. Na kwa sababu ni wa Butembo, mfanyabiashara mmoja wa maharagi, Papa Mbusa, mtu mwema, amekubali kumpeleka kwao. Kamyo yake, yaani lori lake, inangoja tu mashine zimalize kusawazisha njia juu ya lava, pengine kesho, pengine leo.

Butembo. Siku za safari, makundi ya waasi katikati yanayopigana, na mwisho wa safari mji mzima wa watu wanaoitwa Kakule, hakuna hata mmoja anayemtafuta huyu. Mama hakungoja mashine. Mama Kavira alibaki na watoto, maana mguu wake ulikuwa umevimba tangu siku ya moto, aliporuka ukuta tukakimbia, akanishika bega. "Masika, mushike mama yako. Na muulize Kakule. Usitaje ingine."

Tulivuka mimi na yeye. Lava ilikuwa nyeusi juu na ndani yake bado inapumua, mvuke ukitoka kwenye nyufa, harufu ya kiberiti ikishika koo, na viatu vya plastiki vya watu waliotutangulia viliacha nyayo za kuyeyuka. Tulitembea upesi kwa sababu kusimama kuliunguza. Paa za mabati zilichomoza usawa wa magoti yetu. Tulipita mahali ambapo nadhani palikuwa mtaa wetu, sikuwa na hakika, na sikumwonyesha mama. Yeye alitazama mbele tu na alikuwa anasema kitu midomoni, nilidhani sala, nikamkaribia nikasikia: "Weye mutoto, unaitwa nani? Weye mutoto, unaitwa nani?"

Nyumba ya Mama Esperance ilikuwa juu kidogo ya barabara. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Kalengera, msemaji wa Kinyarwanda, mjane mwenye watoto wake watano, na alikuwa ameongeza wa watu wengine wanne bila kuhesabu. Uani kulikuwa na sufuria kubwa ya maharagi, na watoto wamekaa wanaizunguka. Kando ya barabara kamyo ilikuwa imeshapakiwa, injini inanguruma. Papa Mbusa, mzee wa heshima aliyevaa kofia, alikuwa anamfunga Baraka kandambili mpya miguuni. Baraka alikuwa amenenepa. Nasema kweli, amenenepa, na amevaa koti la mtoto mkubwa zaidi, na alipoinua macho akatuona.

Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Alitutazama, kisha akatazama chini kwenye kandambili zake.

"Huyu ni mwanangu," mama akasema, pumzi zikimkatika. "Kakule. Huyu mnayemwita Kakule ni mtoto wangu."

Papa Mbusa alisimama. Akamsalimu mama kwa Kinande, maneno mengi, kwa upole, akangoja. Mama akaijibu salamu, Kinande chake kikaishia hapo. Mzee akamwangalia viatu vilivyoungua, akamwangalia uso.

"Mama, weye ni mutu ya wapi?"

"Ni Mtanzania, baba."

"Na huyu ni Munande, mutoto yetu. Ametuambia yeye mwenyewe, tangu siku ya kwanza, hajabadilisha." Hakusema kwa ukali. "Siku hizi batu banaiba batoto, mama. Usikasirike. Miye nina bajukuu."

Mama Esperance alikuwa amesogea, mwiko mkononi, akasimama kati ya mama na mtoto. Nilimpenda kwa jambo lile, na nampenda hadi leo, kwa sababu hakumjua Baraka hata wiki mbili, na alisimama vile. "Tumuulize mutoto," akasema.

Papa Mbusa akainama. "Kakule. Huyu mama, unamujua?"

Baraka alimtazama mama. Niliona midomo yake ikicheza. Nilitaka kupiga kelele, mama akanibana mkono hadi kucha zikaingia.

"Hapana," akasema Baraka, kwa sauti safi. "Miye Kakule. Papa ni mutu ya Butembo."

Dereva alipiga honi barabarani. Papa Mbusa akamshika mtoto mkono, na kwenye uso wake hapakuwa na ushindi, palikuwa na huzuni tu, kama mtu aliyekuwa anatumaini kukosea. Ndipo mama alipopiga magoti juu ya yale mawe, pale pale alipokuwa, bila kusogea karibu, hadi macho yake yakalingana na ya Baraka kama walivyokuwa wakikaa mwisho wa meza.

"Umejibu vizuri," akamwambia. "Hakuna aliyejibu vizuri kuliko wewe, wala dada yako, wala Daudi. Hakuna. Sasa nakuuliza mimi mwenyewe. Mimi ni nani?"

Baraka alimtazama Papa Mbusa, akamtazama Mama Esperance na mwiko wake, akawatazama watoto waliozunguka sufuria, mmoja mmoja, taratibu. Akauchomoa mkono wake. Akaja na kandambili zake kubwa hadi kwa mama, akaweka kiganja kwenye sikio la mama na mdomo juu ya kiganja, lakini tulikuwa karibu na sote tulimsikia.

"Mama," akanong'ona, "watu watasikia."

Mama alimkumbatia, akainua uso wake mbele ya watu wote wale, machozi yakimtiririka.

"Waache wasikie," akasema. "Baraka, waache wasikie."